Kuiga pelleti za chakula cha samaki kwenye kompyuta: tufe, kapsuli, supakwadriki, mche au silinda halisi?

Anayetaka kuiga kwenye kompyuta jinsi chakula cha sato kinavyoshuka ndani ya hopa (chombo chenye mdomo mwembamba chini) hukwama mapema kuliko alivyotarajia. Programu ameshaiweka, mchoro wa hopa anao, halafu anaulizwa: chembe zako zina umbo gani? Pelleti ni silinda fupi, ina ncha mbili bapa na kingo. Programu nyingi, kwa asili yake, zinalijua tufe.

Hilo lina historia. Mbinu ya DEM (discrete element method) hufuatilia kila chembe peke yake na kukokotoa nguvu kila inapogusana na jirani. Cundall na Strack waliieleza mwaka 1979 kwa kutumia diski za duara, na duara hurahisisha mambo: chembe mbili zinagusana pale umbali kati ya vitovu vyake unapokuwa mdogo kuliko jumla ya nusu vipenyo. Hesabu ya mstari mmoja. Silinda hazina raha hiyo, na tangu wakati huo watu wamebuni njia kadhaa za kulikabili tatizo, kila moja ikiwa na bei yake.

Ukanda wetu wa ziwa una silinda nyingi zinazongoja kuigwa: chakula cha samaki wa vizimba kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, pelleti za pumba za mpunga kwa ajili ya kuni, mabua ya pamba yaliyokatwakatwa kwa matumizi ya tanuri badala ya kuchomwa shambani baada ya msimu. Haya nimemwandikia mwanafunzi wa uhandisi anayetafuta mada ya mradi, na fundi wa Nyakato anayesanifu hopa au mashine ya kulishia na anataka kujua mdomo uwe na upana gani kabla hajakata bati.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Nimechukua vinne.

Cha kwanza ni ncha na kingo. Pelleti ya kipenyo cha 4 mm na urefu wa 4 mm inaweza kusimama wima juu ya bati, kulala ubavu, au kubanana na mwenzake bapa kwa bapa. Mibano hiyo ndiyo hujenga tao mdomoni mwa hopa, chakula kikaacha kushuka huku juu kumejaa. Umbo lisilo na bapa haliwezi kukuonyesha jambo hilo moja kwa moja.

Cha pili ni nguvu za mguso. Fomula ya Hertz, inayotumika sana katika DEM, ni ya karne ya 19 na ilitungwa kwa nyuso zenye mviringo. Bapa mbili zikikutana, nusu kipenyo cha mviringo hakipo, kwa hiyo fomula inakosa kitu cha kushika. Kila umbo lenye bapa linahitaji kanuni nyingine, au ujanja.

Cha tatu ni mzigo kwa kompyuta, na hapa tupige hesabu kwa sababu wengi hawaipigi. Pelleti ya 4 mm kwa 5 mm ina ujazo wa karibu 63 mm³. Ukichukua densiti ya 0.9 g/cm³ kwa kuwa inaelea, mfuko wa kilo 25 una pelleti karibu 440,000. Hopa ya kilo 200 inazo milioni tatu na nusu. Halafu kuna hatua ya muda, yaani kipande kidogo cha muda kati ya hesabu moja na inayofuata. Kwa tufe la nusu kipenyo cha 2 mm, ugumu ukiwa umeshushwa hadi 10 MPa (karibu kila mtu huushusha ili kuokoa muda), na ukikaa kwenye asilimia 20 ya kikomo cha Rayleigh (muda ambao wimbi la uso huchukua kuipita chembe), sekunde moja ya mtiririko inahitaji hatua karibu 48,000. Kikomo hicho hufuata ukubwa wa tufe: ukiingiza tufe la nusu kipenyo cha 0.5 mm mahali popote, hatua zinapita 190,000.

Cha nne ni upatikanaji: kuna programu huria inayolijua umbo hilo, au itabidi uandike msimbo mwenyewe?

Tufe moja lenye msuguano wa kuviringika

Hii ndiyo njia ya mtu mwenye kompyuta mpakato na haraka. Pelleti inageuzwa tufe lenye ujazo uleule, kisha unaongeza kizuizi cha kuviringika ili lisikimbie kama goroli. Ncha na kingo hakuna. Nguvu za mguso ziko safi, Hertz anatosha. Mzigo ni mdogo kuliko wa njia zote, na hakuna programu ya DEM isiyoiweza. Wensrich na Katterfeld waliichunguza mwaka 2012. Msuguano huo unaweza kukupa lundo lenye mteremko unaofanana na wa chembe zisizo duara, ila unafanya hivyo kwa sababu tofauti na zile za umbo lenyewe. Thamani uliyoipata kwenye lundo si lazima ikufae kwenye hopa.

Watu huidharau njia hii, mimi siidharau. Fomula ya Beverloo ya mwaka 1961, iliyotokana na kupima mbegu zikitoka kwenye tundu, inasema kasi ya mtoko hupanda kwa kipeo cha 2.5 cha upana wa mdomo, ukishaondoa mara 1.4 hivi ya kipenyo cha chembe. Mdomo ukiwa na upana wa 150 mm na pelleti ni ya 4 mm, kinachoondolewa ni kidogo sana, na umbo la pelleti halitabadilisha mengi. Inamfaa anayeuliza kilo ngapi zitatoka kwa dakika kwenye mdomo mpana. Anayeuliza kama mdomo mwembamba utaziba aendelee kusoma.

Matufe yaliyounganishwa

Huu ndio uwanja wa wengi. Unapanga matufe kadhaa yakiingiliana, unayafunga yawe mwili mmoja mgumu, na mwili huo unachukua sura ya silinda kwa kadiri ya subira yako.

Tuanze na ubavu. Chukua pelleti ya kuni yenye kipenyo cha 6 mm na urefu wa 18 mm. Ukipanga matufe matano ya 6 mm kwenye mhimili, vitovu vikiachana kwa 3 mm, ubavu unakuwa na mabonde ya kina cha 0.4 mm. Ukiweka tisa, vitovu vikiachana kwa 1.5 mm, kina kinashuka hadi karibu 0.1 mm. Mabonde hayo yana athari: tuta la pelleti moja linaingia kwenye bonde la nyingine na zinashikana, ukadhani ni msuguano kumbe ni mpangilio wako wa matufe. Na ncha bado ni mviringo. Kuzifanya bapa kunataka matufe madogo kuzunguka ukingo, na tumeshaona tufe dogo linavyoila hatua ya muda, kwani programu kwa kawaida hukadiria hatua kwa lile dogo kuliko yote.

Kwenye nguvu kuna mitego miwili. Pelleti mbili zikilaliana ubavu kwa ubavu, matufe mengi hugusana kwa wakati mmoja. Kila mguso huja na chemchemi yake na kifyonza-mrudo chake (kinachopunguza kudunda), na jumla yake inakuwa ngumu kuliko mguso mmoja wa kweli. Kodam na wenzake waliandika kuhusu hili mwaka 2009: bila marekebisho, mrudo wa chembe hutegemea idadi ya matufe uliyochagua. Mtego wa pili ni uzito. Matufe yanaingiliana, hivyo ukijumlisha uzito wa kila moja unahesabu sehemu zilezile mara mbili. Baadhi ya programu hukokotoa ujazo wa kweli kwa kutupa nukta za kubahatisha ndani ya umbo. Mimi huona ni salama zaidi kuandika mwenyewe uzito na momenti za inesha (ukinzani wa kuzungushwa) za silinda halisi: *mr²/2* kwenye mhimili, na *m(3r²+h²)/12* kwenye mhimili wa kukingama.

Mzigo unakua na idadi. Hopa ile ya milioni tatu na nusu, kwa matufe saba kila pelleti, inakuwa na matufe karibu milioni 25 ya kukaguliwa. Kwa upatikanaji, njia hii haina mpinzani: LIGGGHTS, YADE na MFiX zote ni za bure na zinaiweza, na EDEM, ambayo ni ya kulipia, imeitegemea kwa miaka mingi.

Inamfaa mwanafunzi anayeanza, na mtu ambaye chembe zake si silinda safi. Pelleti iliyopinda, au iliyovimba upande mmoja baada ya kutoka kwenye ekstruda (mashine inayokamua chakula kuwa pelleti), matufe hukubali kuifuata, jambo ambalo njia zilizobaki hazilifanyi kwa urahisi.

Kapsuli

Ni silinda iliyovikwa nusu tufe kila mwisho. Ncha bapa hakuna, ila ubavu ni laini kabisa, bila mabonde. Mguso kati ya kapsuli mbili ni umbali mfupi kati ya vipande viwili vya mstari, hesabu ya haraka yenye jibu la moja kwa moja, na Hertz anarudi kazini bila malalamiko.

Tatizo ni pelleti fupi. Kapsuli yenye kipenyo cha 4 mm na urefu wote wa 4 mm ni tufe, hakuna kingine, na ujazo wake ni theluthi mbili ya silinda uliyokusudia. Urefu ukiwa mara tatu ya kipenyo upungufu unashuka hadi asilimia 11, na kadiri chembe inavyorefuka ndivyo ncha zinavyopoteza umuhimu. Kwa mabua ya pamba yenye urefu wa mara 10 ya unene au zaidi, sioni kwa nini mtu ajitese na umbo jingine. Kwa chakula cha sato, achana nayo.

Supakwadriki

Hapa umbo zima linaandikwa kwa mlinganyo mmoja. Barr aliyaleta maumbo haya kwenye michoro ya kompyuta mwaka 1981, na watu wa DEM wakayachukua miaka ya 1990. Una vipimo vitatu vya urefu na vipeo viwili. Kipeo cha mkato wa duara kikibaki 2 na kile cha wima kikipandishwa, tufe linanyooka ubavu na kubapa ncha hadi linaikaribia silinda.

Linaikaribia kiasi gani? Kwa kipeo cha 4, ujazo unapungua kwa asilimia 12.6 kutoka silinda kamili. Kwa 8, asilimia 4. Kwa 20, haufiki asilimia 1. Kishawishi ni kuandika 20 na kuendelea na safari, lakini mguso hutafutwa kwa njia ya Newton, hatua kwa hatua, na kadiri kipeo kinavyopanda uso unakuwa bapa kabisa hapa na kukunjika ghafla pale. Hesabu inahangaika, wakati mwingine haifiki. Nukta ya mguso inaweza kuruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kati ya hatua mbili. Kwenye nguvu pia, mviringo wa sehemu bapa unakaribia sifuri, nusu kipenyo chake kinalipuka, na ni lazima kiwekewe kikomo.

Kwa hiyo wengi hukaa kwenye vipeo vya wastani na kukubali kingo zilizolainika. Kwa chakula cha samaki hilo wala si dhambi. Angalia pelleti halisi kwenye kiganja: kingo zake zimeshachakaa kabla hazijafika dukani.

Mzigo uko juu ya tufe moja, ila kila pelleti ni chembe moja, na hatua ya muda haiharibiwi na matufe madogo. LIGGGHTS huria inayo, ingawa sehemu hiyo unaiwasha wakati wa kuikusanya programu kutoka msimbo (compile), si baada ya kuiweka. MFiX nayo inayo katika matoleo ya karibuni. Inamfaa mwenye pelleti fupi zinazofanana, urefu kati ya nusu na mara tatu ya kipenyo, anayetaka ubavu laini bila kuandika msimbo.

Mche wa pande nyingi

Silinda inageuzwa mche (prizimu), wenye ubavu wa pande bapa na ncha mbili bapa kwelikweli. Ncha na kingo ndizo nguvu ya njia hii: pelleti husimama wima, hubanana bapa kwa bapa, tao hujengeka. Kinachoteseka ni ubavu. Mche wa pande 12 uliochorwa ndani ya duara una asilimia 95.5 ya ujazo wa silinda, wa pande 24 una asilimia 98.9, lakini wa pande chache hauviringiki; unadunda kutoka upande hadi upande kama penseli ya pembe sita juu ya meza. Kwenye bati lenye mteremko mdogo, silinda ya kweli ingekwisha kushuka wakati mche bado umekaa.

Mguso hutafutwa kwa algoriti kama GJK ya mwaka 1988, iliyozaliwa kwenye roboti, na nguvu mara nyingi hufuata ujazo unaoingiliana badala ya Hertz. Mzigo ni mkubwa, na kila upande unaoongeza unaulipia. Hapa kadi ya michoro ndiyo mkombozi. Blaze-DEM, iliyoendelezwa Afrika Kusini na Nicolin Govender na wenzake wa Pretoria, ilionyesha katikati ya miaka ya 2010 kwamba kadi moja ya NVIDIA inaweza kubeba miche mingi kuliko watu walivyodhani. Rocky ni ya kulipia na imejengwa kwa maumbo ya aina hii. YADE inayo bure, ila kwa idadi kubwa ya chembe utasubiri sana.

Inamfaa mwenye swali la kuziba na kujenga tao, mwenye kadi nzuri.

Silinda halisi

Kodam na wenzake walichapisha mwaka 2010 makala mbili zinazotafuta mguso kati ya silinda na silinda bila kukadiria umbo. Silinda ina sehemu tatu: bapa, ukingo na ubavu. Zikutanishe mbilimbili unapata aina sita za mguso, na kila aina ina hesabu yake. Ncha ni bapa, ubavu ni mviringo, hakuna mabonde wala pande. Kwa usahihi wa umbo hakuna kinachoizidi.

Usumbufu uko kwenye mipaka. Silinda mbili zikiwa karibu sambamba, msimbo unaamua ni ubavu kwa ubavu au ukingo kwa ubavu kwa tofauti ya desimali ya mbali, na nguvu ikibadilika ghafla chembe inarushwa bila sababu. Kila aina ya mguso inadai pia kanuni yake ya nguvu. Mzigo ni wa wastani, na kwa pelleti moja unaweza kuwa chini ya matufe mengi yaliyounganishwa, kwa kuwa kila jozi ina mguso mmoja. Shida ni kuipata: programu za bure zinazokupa silinda halisi ikiwa tayari si nyingi, kwa hiyo jiandae kuandika na kuthibitisha msimbo mwenyewe. Inamfaa anayefanya shahada ya uzamili au uzamivu ambaye umbo ndilo utafiti wenyewe, na inafaa kama kipimo cha kukagulia njia nyingine kwa chembe chache.

Kabla ya kulaumu umbo

Umbo lolote likilishwa msuguano wa kubuni litatoa jibu la kubuni. Vipimo vya kuanzia havihitaji maabara. Jaza chakula kwenye bomba la plastiki lililo wazi pande zote lililosimama juu ya meza, linyanyue polepole, piga picha ya lundo kwa ubavu na pima pembe yake. Kisha fungua hopa ndogo juu ya mzani na urekodi video ya namba zikipanda. Pima kwa rula urefu wa konzi kadhaa za pelleti, maana hazilingani. Kiwango cha ISO 17225-2 chenyewe kinaruhusu pelleti za kuni za 6 mm ziwe na urefu kutoka 3.15 hadi 40 mm, na mchanganyiko huo hubadilisha mtiririko kuliko tofauti ya kipeo cha 8 na cha 10. Umbo ulilolichagua lipatie lundo na mtoko kwa thamani zilezile za msuguano. Likipatia kimoja na kukosea kingine, usiongeze msuguano, badili umbo.

Na iambie programu ihifadhi hali mara kwa mara. Umeme ukikatika saa nane usiku uanzie ulipoishia.

Kwa hali yako

Unasanifu kihenge au hopa yenye mdomo mpana na unataka kasi ya mtoko tu: tufe lenye msuguano wa kuviringika litakufikisha, na muda uliookoa utumie kupima.

Unasanifu mashine ya kulishia kizimbani, yenye mdomo wa 20 au 30 mm, na hofu yako ni kuziba: chagua kati ya supakwadriki na mche. Pelleti zilizochakaa kingo na kompyuta isiyo na kadi ya maana vinakupeleka kwenye supakwadriki. Zilizokatwa kwa ncha kali, na kadi ya NVIDIA unayo, mche wa pande 16 au zaidi. Iga sehemu ya chini ya hopa peke yake, maana tao hujengwa karibu na mdomo.

Una mabua ya pamba au vijiti virefu: kapsuli.

Pelleti za pumba za mpunga zenye urefu wa kila namna ndani ya lundo moja: matufe yaliyounganishwa, ukiandaa violezo vitatu au vinne vya urefu tofauti, idadi ya matufe ikifuata urefu ili mabonde yabaki na kina kilekile.

Uko mwaka wa mwisho na una muhula mmoja: matufe yaliyounganishwa au supakwadriki, kwa programu huria, chembe zisizidi elfu kumi. Usimwahidi msimamizi wako silinda halisi.

Na kama shida yako ni vumbi, pelleti zinavunjika zikianguka kutoka kwenye kipandishio na samaki hawali unga, basi maumbo yote ya hapo juu ni miili migumu isiyovunjika, hata silinda kamili. Rudi kwenye matufe, safari hii yakiwa yameungwa kwa viungo vinavyokatika, kwa mtindo ambao Potyondy na Cundall waliuandika mwaka 2004 kwa ajili ya miamba. Iga pelleti chache zikigonga bati kutoka kimo cha kipandishio chako.